Chupa Yenye Maji Saa 24

Wakubwa wamesema wanafunzi wajifunze kwa vitendo. Haya. Vitendo vina gharama, na gharama hizo hazijawahi kukosea njia ya kuja mfukoni kwangu. Bustani ya chupani inataka chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana. Hapa Masasi chupa ya namna hiyo haitupwi: inakaa achari ya maembe, achari ikiisha inatiwa asali, asali ikiisha inarithiwa. Niliyoipata nimeipata kwa kuapa.

Wanafunzi wakatandika changarawe, wakaweka mkaa uliopondwa wa kuzuia uvundo (mkaa wa jikoni kwangu, maana wao wote "walisahau"), kisha udongo, na juu kangaga lililong'olewa kwenye ufa wa mwamba wenye kivuli. Tukanyunyiza maji kidogo, tukafunga.

Kesho yake kioo kimejaa ukungu. Maji yamepanda kwa mvuke, yamegota kiooni, yanachuruzika kurudi udongoni. Watoto wakashangilia, mimi nikaona wivu. Jani lisilolipa ankara lina maji saa 24, na mimi mwenye mita nikifungua bomba linanipigia mluzi.

Akasimama kijana mmoja, kwao Newala: "Mwalimu, mbona mvua ya kwetu hairudi?"

Nikamweleza kwamba uwanda wa Makonde ni mchanga mtupu. Mvua ya Desemba hadi Aprili inazama, inakwenda kutokea kwenye chemchemi za bondeni. Ndiyo maana bibi zetu waliteremka magenge na kupanda tena na mtungi kichwani.

"Kwa hiyo Newala imetoboka kitako?"

Darasa zima chali. Nikampa alama zake, shingo upande.

Nikawatajia Daktari Nathaniel Ward wa London, ambaye mwaka 1829 alifukia pupa wa nondo chupani akakuta kangaga limejiotea. Baadaye miche ya chai ikasafirishwa kutoka China hadi India ndani ya masanduku ya kioo ya mtindo wake. Hawakusikia, walikuwa bado wanaicheka Newala.

Sasa chupa iko ofisini, ina karatasi ya wino mwekundu: USIFUNGUE. Mzee wetu mlinzi kila alfajiri anafungua, anatia maji. Nimemwamkia, nimemweleza kwa adabu kwamba mle maji yanajizungusha yenyewe. Akanitazama kwa huruma.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimekula chumvi nyingi. Maji ya huku yakishaondoka, yameondoka."