Namna ya Kumtoza Mtu kwa Kosa la Kutokuwa na Pesa

Mwanagenzi mpendwa, hongera kwa kuingia benki. Kumtoza tajiri hakuhitaji mafunzo. Pesa anazo, na akikatwa hata hashtuki. Ufundi uko kwa yule ambaye salio lake limefika sifuri: umkate kwa sababu limefika sifuri, kisha umtumie ujumbe wa kumshukuru kwa kutumia huduma yetu. Kazi hiyo ina hatua saba. Usiruke hata moja.

Hatua ya 1: Tafuta jina tamu

Kukopa kuna aibu yake, na wahenga walishaharibu biashara waliposema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa hiyo neno "mkopo" lifungie kabatini. Safaricom na benki washirika walipoleta ovadrafti ya M-Pesa nchini Kenya, Januari 2019, waliiita Fuliza. Vodacom Tanzania yao wakaiita Songesha. Sikiliza utamu huo. Kufuliza ni kutenda jambo bila kupumzika. Kusongesha ni kusukuma mambo yaende mbele. Hakuna jina hapo linalotaja siku ya kulipa. Na wapo waliolitii jina neno kwa neno: walianza kufuliza, na hawajapumzika hadi leo.

Hatua ya 2: Riba iite ada

Riba ina maadui wengi. Msikitini ni haramu, na Bungeni huwekewa kikomo. Kenya ilizibana riba za benki kwa sheria kuanzia Septemba 2016, ikaziachia Novemba 2019. Fuliza ilizaliwa katikati, kikomo kikiwa bado hai, na wala haikugusana nacho. Haikuwa na riba hata chembe. Ilikuwa na ada: asilimia 1 ya kuchukua pesa, halafu ada ya kila siku mpaka deni liishe. Neno lenyewe ni zawadi, maana ada kwa Kiswahili ni malipo, na ada pia ni desturi. Toza ya kwanza kwa muda wa kutosha, nayo itageuka ya pili. Watu watadhani waliirithi kwa mababu.

Hatua ya 3: Simamisha ngazi kichwa chini

Hapa ndipo penye hesabu, kwa hiyo washa taa. Katika viwango vya mwanzo vya Fuliza, aliyekopa kati ya shilingi 101 na 500 alitozwa 5 kwa siku. Aliyepita 2,500, hata akafika 70,000, alitozwa 30. Ukitazama juu juu utasema mkubwa kabebeshwa mzigo mkubwa, mdogo kahurumiwa. Vizuri. Hivyo ndivyo mteja naye anavyotakiwa kutazama.

Sasa chukua mfano wa muuza mboga, tumwite Mama Asha, mwenye kibanda Kisauni. Saa kumi na moja alfajiri yuko soko la Kongowea, mzigo wa sukuma wiki uko mbele yake, na amepungukiwa shilingi 180. Anafuliza. Deni hilo likilala siku 30, ada za siku zinafika 150, na ile asilimia 1 ni shilingi moja na senti themanini. Amekopa 180, anarudisha karibu 332. Siku hiyo hiyo mkandarasi kafuliza 70,000 kwa muda ule ule: ada za siku ni 900, asilimia 1 ni 700, jumla 1,600. Kwa kila shilingi mia waliyokopa, mama kalipa zaidi ya 84. Mkandarasi kalipa mbili na ushei.

Kamba hukatikia pembamba, lakini benki nzuri haingoji ikatike yenyewe.

Nisikufiche, Oktoba 2022 ada zilipunguzwa, na wakopaji wa shilingi 1,000 kwenda chini wakapewa siku tatu za mwanzo bila ada ya siku. Usivunjike moyo. Ngazi ilifupishwa, haikugeuzwa. Na mtu akikuuliza kwa nini mdogo alipe zaidi kwa kila shilingi, mjibu kwamba kuhudumia mkopo mdogo kunagharimu sawa na kuhudumia mkubwa. Jibu hilo lilikuwa na uzito zamani, karani alipokuwa akijaza fomu kwa mkono. Siku hizi kila kitu kinafanywa na kompyuta ambayo haili chakula cha mchana, lakini jibu bado linasikika vizuri. Litunze.

Hatua ya 4: Kaa mlangoni

Mdai wa kizamani alikuwa na shida: lazima amtafute mdaiwa, ambaye siku hiyo kasafiri, au mtoto kaambiwa aseme mama hayupo. Wewe hutapiga hodi. Kila pesa inayoingia kwenye simu ikutane na wewe kwanza.

Saa nne asubuhi mteja amechukua mafungu mawili ya mchicha na nyanya.

"Mama Asha, nimetuma hamsini."

Anaitazama simu, anacheka bila kutaka. "Imeingia, mwanangu, na imeshatoka."

Mboga zimekwenda, hamsini imekwenda, na jioni hana nauli ya matatu. Afanye nini? Afulize. Hii tunaiita uaminifu wa mteja.

Hatua ya 5: Panga foleni upya

Somo hili tunawashukuru ndugu zetu wa Marekani. Mtu ana dola 100 kwenye akaunti. Asubuhi ananunua kitu cha 10, baadaye cha 15, kisha cha 20, na jioni analipa bili ya 90. Ukiyapitisha malipo yalivyofuatana, ni la mwisho tu linalozidi salio, na unapata faini moja. Huo ni uzembe. Anza na kubwa: 90 ipite kwanza, ibaki dola 10, halafu hayo matatu, kubwa likitangulia, yajikwae moja baada ya jingine. Sasa una faini tatu. Kwa dola 35 kila moja, mtu yule yule, kwa manunuzi yale yale, amekupa 105 badala ya 35. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ni chako.

Tahadhari: mwaka 2010 jaji mmoja wa California aliiamuru Wells Fargo iwarudishie wateja dola milioni 203 kwa mchezo huu. Jifunze, lakini usijisifu hadharani.

Hatua ya 6: Ukishtakiwa, sema ni bei

Benki za Uingereza zilikuwa zikitoza pauni thelathini na ushei malipo yakizidi salio, hata yakizidi kwa pauni chache. Wateja wakaanza kudai chao, na mamlaka ya ushindani wa haki ikazifikisha mahakamani. Benki zikashindwa Mahakama Kuu, zikashindwa kwenye rufaa, kisha tarehe 25 Novemba 2009 zikashinda Mahakama ya Juu. Siri ya ushindi? Hawakubishana kama faini ni kubwa. Walisema si faini. Ni sehemu ya bei ya huduma nzima ya akaunti. Na ikishakuwa bei, sheria ya huko haikumruhusu mtu kuuliza kama inalingana na kinachouzwa. Majaji hawakutamka kwamba ada zile ni za haki. Walisema mlango huo wa kuulizia umefungwa.

Ndani ya kesi hiyo mna lulu: akaunti ilikuwa ya bure kwa mwenye akiba kwa sababu anayezama alikuwa akimlipia. Ni ile ngazi yetu ya hatua ya 3, imevaa suti. Aprili 2020 msimamizi wa sekta alipiga marufuku ada hizo za mkupuo, akataka riba moja ya mwaka iliyo wazi. Benki nyingi kubwa zikatii, zikaiweka karibu na asilimia 40.

Hatua ya 7: Usihamie mtaa wa mteja

Mwenye duka la mtaani naye hukopesha. Ana daftari lenye kona zilizokunjika na vumbi la unga. Anaandika sukari robo, unga paketi moja, sabuni kipande. Mwisho wa mwezi bei ni ile ile. Atanung'unika, atabandika karatasi ya "leo pesa, kesho mkopo", pengine atakukataa kabisa. Lakini hajawahi kuongeza shilingi tano kila jua likizama. Ana udhaifu mkubwa wa kibiashara: anaswali safu moja na mdaiwa, watoto wao wako darasa moja, na siku ya msiba watakaa jamvi moja. Mtu akikujua sura, ada inakuwa ngumu kuipandisha. Ndiyo maana ofisi yetu iko ghorofa ya kumi na mbili.

Sasa umebakiza mtihani wa vitendo. Shuka, nenda Kisauni, ununue mchicha kwa Mama Asha. Toa simu ulipe. Atafuta mikono, atakutazama, kisha atasema taratibu: "Usitume, mwanangu. Nipe mkononi."

Mpe. Ataikunja noti ya hamsini mara tatu, ataifunga fundo kwenye pindo la leso, na kuendelea kupanga nyanya zake. Litazame vizuri lile fundo, halina ada ya siku. Halafu rudi ofisini, uketi, uandike hatua ya 8.