Munakasha wa Stempu Kabatini

Katika kabati la mkusanyaji mmoja wa Kisumu, si mbali na gati iliyofikiwa na reli mwaka 1901, zililazwa ukurasa mmoja Stempu ya Jahazi, iliyotolewa mwaka 1935 kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na Stempu ya Mashine kutoka Uswisi, huku Mende akisikiliza.

JAHAZI: Ewe kijana, umelazwa ubavuni pangu kwa nasaba gani? Mimi ni wa senti tano, nimebeba jahazi lililotweka tanga katika Ziwa Victoria hili hili, na Mfalme George wa Tano akinisimamia. Nawe huna mfalme wala chombo, na kingo zako hazina hata meno!

MASHINE: Shikamoo, mzee. Mfalme wangu ni yeyote atiaye sarafu: akibonyeza, bei aitakayo huchapwa papo hapo, pasi na kumsumbua karani. Tangu mashine za kampuni ya Frama zilipoanza kututoa mwaka 1976, wakusanyaji wamekuwa wakibonyeza hata bei zisizofikisha barua popote, mradi seti itimie.

JAHAZI: Kumbe u mwana wa kitufe!

MASHINE: Nawe, mzee, watafutwa kwa uzuri? Nasikia ndugu zako ambao kamba yao imegusa tanga ndio wanunuliwao kwa bei ya juu.

JAHAZI: Hiyo si kasoro, ni fani adimu.

MENDE: Waungwana, tulieni. Mwaka 1895, huko Mengo, mmisionari Ernest Millar alizipiga stempu za Uganda kwa taipureta yake, bila mfalme wala picha, na thamani yake ikahesabiwa kwa kauri. Na nchi hii ya Kisumu nayo ilikuwa ya Uganda hata mwaka 1902. Leo vipande hivyo, visivyo na jamala yoyote, vinawapita nyote wawili kwa bei, kwa kuwa ni vichache tu.

MASHINE: Alhamdulillahi! Basi babu yangu ni taipureta, na nasaba ninayo.

JAHAZI: Nawe, sahibu Mende, wampendelea nani?

MENDE: Sina upendeleo, mimi hula gundi, na gundi ya mfalme na ya kitufe ladha yake ni moja. Hukumu yangu ni hii: stempu iliyopeleka barua imekwisha timiza faradhi yake, na iliyofungiwa kabatini ili isifiwe ukoo wake ni riziki yangu.