Kizazi Moto, Kibanda Umiza

Katuni za vita vya anga, yaani hadithi ndefu za sayari, vyombo na falme zinazowaniana kati ya nyota, zina mashabiki hodari wa kukosoa, na aliye huru kuliko wote ni yule ambaye hajaiona kazi yenyewe. Tarehe 5 Julai 2023 huduma ya filamu mtandaoni ya Disney+ ilitoa Kizazi Moto, mkusanyo wa katuni fupi 10 zilizo jamaa na hizo, zilizotungwa na Waafrika, ikiwamo Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda, ambayo wachungaji wake ni nusu watu, nusu mitambo. Jina ni la Kiswahili, mazungumzo kwa sehemu kubwa ni Kiingereza, na huduma yenyewe haikufika Tanzania, kwa hiyo wenye lugha wameheshimiwa kwa kuazimwa jina na kuachwa nje ya ukumbi.

Shabiki wa Isongole, wilayani Ileje, mpakani na Malawi, kwa hiyo hungoja nakala ije kwenye flashi hadi kibanda umiza, yaani banda la mabenchi na televisheni moja, ambamo mfasiri hupaza sauti juu ya sauti za waigizaji, kazi iliyompatia Lufufu jina Dar es Salaam. Humo watazamaji huwapokea wachungaji wa mitambo bila swali hata moja, kisha hubishana hadi filamu inayofuata kwamba fimbo ile haishikwi hivyo, na kwamba ng'ombe haswagwi kutoka mbele. Kiingilio hulipwa mlangoni. Ubishi ni bure.