Sifa za Joto la Kompyuta

Babati haina uhaba wa vitu vya kusifiwa. Ziwa na viboko wake wana sifa, Mlima Kwaraa una sifa, mchele wa Magugu una sifa mpaka Arusha. Joto la kompyuta mpakato halijapata hata msemaji mmoja. Linatukanwa tu, kila usiku, na vijana wanaocheza gemu za mpira na za magari, kwa Kiswahili, Kiiraqw, Kigorowa, Kirangi na lugha nyingine zote zinazosikika mjini. Leo nalisimamia mimi.

Tuanze na hadhi yake. Prosesa nyingi za kompyuta hizi zimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 100 za selsiasi. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka yakifika nyuzi 95 au 96 hivi. Maana yake, kijana aliyefika kipindi cha pili ana kitu mezani chenye moto kuliko chai ya mama yake inayotokota jikoni. Na kitu chenyewe ni kipande cha silikoni unachoweza kukifunika kwa dole gumba.

Lakini sifa yake kubwa ni uadilifu. Prosesa ikigusa kikomo hujipunguzia mwendo yenyewe: iliyokuwa ikikimbia gigahezi 4 inashuka hadi 2, pengine chini ya hapo. Picha zinakatakata. Mshambuliaji aliyebaki na kipa anaganda, mguu hewani. Kijana anapiga meza, anamwita Mungu wake, lakini wapi! Mama alishamwambia akalale tangu saa nne, akachoka. Joto halichoki. Halina mjomba, halipokei kitu kidogo, na halijali kama mechi ni ya fainali au ya kirafiki.

Wapo wapinzani wake, nami nawataja ili mjihadhari nao. Kuna yule anayeiondoa kompyuta kwenye blanketi, ilikokuwa imelala raha mustarehe, akaiweka mezani na kuiinua nyuma kwa vizibo viwili vya soda, eti matundu ya chini yavute hewa. Kuna fundi anayefungua mfuniko kwa bisibisi ndogo, akakuta kati ya feni na mapezi ya shaba zulia la vumbi jekundu, limeshonana barabara, kazi ya kiangazi kizima cha Babati. Badala ya kulistahi, analing'oa kwa brashi ya rangi, huku ameizuia feni kwa kidole isizunguke. Kisha anafuta pasta iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Hata wa Magugu hauheshimu!

Wa kuogopwa kuliko wote, hata hivyo, hana bisibisi. Huyu anaingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, panapowekwa kiwango cha juu cha prosesa, na palipoandikwa asilimia 100 anaandika 99. Kwenye kompyuta nyingi, hiyo moja tu inazima mbio za ziada za prosesa, na joto linashuka mara moja. Siri yake ni hesabu. Umeme unaoliwa hupanda pamoja na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba wake; na kasi ya juu kabisa ndiyo inayodai volti nyingi. Ukitoa kasi kidogo, umeondoa joto jingi. Halafu anaifunga gemu kwenye picha 60 kwa sekunde, badala ya kuiacha itapanye picha 140 ambazo kioo chake cha 60 hakiwezi kuzionyesha zote. Mtu wa namna hii anacheza hadi alfajiri bila bughudha. Ndiyo malezi hayo?

Na nisisahau kuwa joto ni mchoraji. Mwaka 2010, madaktari wa Basel, Uswisi, waliandika katika jarida la Pediatrics habari za mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akiipakata kompyuta na kucheza gemu saa kadhaa kila siku, kwa miezi. Paja lake la kushoto likatoka madoa ya mchoro wa wavu. Alama za aina hiyo zilijulikana zamani kwa watu waliozoea kuota moto kwa karibu. Bibi zetu walihitaji kuni na mafiga. Mjukuu anahitaji chaja tu. Nani anasema hatuendelei?

Isitoshe, joto halishindiki. Feni hailiui, inalihamisha tu. Kompyuta ya gemu inayokula wati 100 inamwaga chumbani joto la wati 100, karibu lote, na kila yuniti ya LUKU imeshalipiwa. Ikifika Julai, baridi ya Kwaraa ikishuka usiku, chumba kimoja cha kupanga mjini Babati hakina hita nyingine.