Mlio Usiopenda Mafundi

Gari lililokufa halina maneno. Unalisukuma pembeni, unatandaza matawi ya miti nyuma yake barabarani, unapiga simu, na kila anayepita anakupa pole. Taabu ni gari linaloumwa likijisikia. Linawaka, linatembea, linabeba mzigo na kufika nao; ila katikati ya safari linaanza kugonga, tiki tiki tiki, na ukipunguza mwendo ili usikilize vizuri, linanyamaza. Hapo hata pole hupewi. Watu wanakuangalia kana kwamba wewe ndiye mgonjwa.

Pikapu yangu ni Hilux ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ya petroli, yenye kabureta na injini ya 22R, silinda 4. Niliinunua kwa mzee wa kanisa, sifa ambayo kwetu Iringa muuzaji huitaja kabla hajafungua boneti. Kazi yake ni kupeleka nyanya kutoka Ilula hadi Iringa mjini. Kazi yangu ni kufundisha hisabati, na nyanya ni za kulipia yale ambayo hisabati haiyafikii. Ukoo wa Hilux unasifika kwa ugumu. Mwaka 2003 Waingereza wa kipindi cha Top Gear cha BBC walichukua Hilux ya dizeli, wakaiacha ifunikwe na maji ya bahari, wakaichoma moto, wakaipandisha juu ya jengo refu kisha wakaliporomosha jengo lenyewe, na bado ikawaka. Jaribio moja tu hawakulifanya: kuipitisha kwa mafundi wanaopingana.

Mlio ulianza wakati wa baridi, ile baridi yetu ya mwezi wa sita inayomfanya mtu avae koti kwenda chooni. Nilipowasha asubuhi, injini iligonga kidogo, kisha ikaacha kabla sijatoka getini. Sikuijali. Lakini siku ya soko, pale Ipogolo unapoiacha barabara kuu na kuanza kupanda kwenda mjini, matenga ya nyanya yakiwa yamejaa nyuma, mlio ukarudi na nguvu zake zote.

"Mwalimu, kuna kitu kinagonga huko mbele," akasema mmoja wa akina mama wa nyanya niliokuwa nimewapa lifti.

"Washa redio, mwalimu," akashauri mwenzake. Ushauri huo ulisaidia hadi tulipofika juu. Nilipozima redio sokoni, injini ilikuwa imetulia tuli.

Fundi wa kwanza hakuhitaji kuusikia. "Tapeti hizo," alisema, bado anafuta mikono. Sikuwa na hoja ya kumpinga. Kwenye 22R tapeti hurekebishwa kwa spana na bisibisi, na kitabu kinataka nafasi ya milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa valvu za kutolea moshi, injini ikiwa ya moto. Nafasi ikizidi hapo, chuma kinapiga chuma na unasikia cherehani chini ya boneti. Fila geji ya kijana huyo ilikuwa imepungukiwa. Jani la 0.20 lilishakatika zamani. Akabananisha la 0.15 na la 0.05, akaendelea. Nina wanafunzi wa kidato cha tatu ambao hawawezi kufanya alichofanya huyu bila kalamu, na nilitamani kumwazima kwa wiki moja. Alipomaliza, alirudisha kava la tapeti kwa gasketi ileile ya zamani, akaizungushia silikoni nyingi huku akiiombea, akafunga. Injini iliunguruma kwa adabu.

Siku ya soko, Ipogolo, matenga nyuma: tiki tiki tiki.

Fundi wa pili amezoea malori yanayokwenda Tunduma, na kwake kila kitu kina uzito wa tani. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya injini na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Alihamisha ncha kwenye pampu ya maji, kwenye altaneta, ubavuni mwa bloku, taratibu, akitikisa kichwa kila anapohama. Injini ilikuwa kimya muda wote huo, maana tulikuwa kwenye tambarare na gari halina mzigo. Aliusikiliza ukimya kwa makini kuliko nilivyowahi kusikilizwa mimi kwenye kikao cha walimu. Kisha akaanza kung'oa waya za plagi moja baada ya nyingine injini ikiwa inawaka. Ni kipimo cha kweli: kama beringi ya konrodi imekwisha, ukiizima silinda yake mlio unapungua, kwa kuwa hakuna tena mlipuko wa kuisukuma pistoni. Waya wa tatu ulikuwa na ufa. Ulimrusha hatua mbili nyuma, akamtaja mama yake, na hukumu ikatoka hapohapo.

"Konrodi. Tushushe injini."

Nikamwuliza amejuaje, ilhali haikugonga hata mara moja.

"Ndiyo ubaya wake," akasema, akijisugua mkono. "Inajificha."

Ikabidi nitafute ushahidi. Niliiweka simu kwenye dashibodi, nikairekodi safari nzima ya mlima. Nilipoisikiliza, mlio ulikuwemo, lakini chini kabisa, nyuma ya mazungumzo ya akina mama wa nyanya kuhusu mhasibu wa kamati ya harusi aliyenunua pikipiki katikati ya michango. Niliipeleka gereji. Mafundi wakakusanyika, wakainamisha vichwa, mmoja akaniomba nirudishe nyuma kidogo. Nikarudisha, nikamwambia asikilize pale, baada ya gia ya pili. "Hapana, mwalimu," akasema. "Pale aliposema pikipiki ina jina la nani."

Fundi umeme hakutaka kusikiliza rekodi yoyote. Kwake ilikuwa noki ya kawaida: petroli mbovu, na cheche inawahi mno. Akailegeza distributa, akaizungusha kidogo kurudisha cheche nyuma, akakaza. Baada ya hapo pikapu ilipanda Ipogolo polepole kiasi kwamba vijana wa bodaboda walikuwa wananisalimia, wananipita, wanashusha abiria na kurudi kunisalimia tena. Mlio haukuondoka. Nilipata tu muda mrefu zaidi wa kuusikiliza.

Mwenye duka la spea, ambako nilikwenda kununua waya wa plagi, alinikatiza kabla sijamaliza maelezo. "Cheni ya taimingi," akasema, na boksi lilikuwa limeshatua kaunta. "Hii orijino. Ipo na orijino ya kawaida, kama bajeti imebana." Cheni za 22R husumbua kweli: vile viongozi vyake vya plastiki vikikatika, cheni inasugua kava lake. Lakini aliposema hivyo alikuwa ananiangalia mimi, mkono wake ukifuta vumbi juu ya boksi, na vumbi lenyewe halikuwa la mwaka huo.

Siwaiti matapeli. Kila mmoja aliusikia mlio wangu kwa sikio la kazi yake: wa tapeti alisikia tapeti, wa malori alisikia injini nzima, na wa duka alisikia boksi. Isitoshe nilikuwa nawauliza kuhusu kitu ambacho hakipo mbele yao, na "sijui" ya fundi hailipiwi na mtu. Mteja akiisikia anahamia gereji ya jirani, ambako kuna anayejua. Jirani yangu dalali, ambaye amewahi kuuza kila kitu isipokuwa nyumba yake mwenyewe, ndiye pekee aliyesema wazi kwamba hahitaji kujua chanzo. "Mimina oili nzito, mwalimu. Ile nzito kabisa. Itanyamaza wiki mbili, na wiki mbili zinatosha kuuza."

Mke wangu ni muuguzi wa zahanati. Alivumilia habari za tapeti na konrodi mezani kwa muda mrefu, hadi usiku mmoja akasukuma sahani pembeni, akaenda kuchukua daftari la kurasa arobaini, lile ambalo wagonjwa wetu huja nalo zahanati. Juu ya jalada akaandika: PIKAPU. Umri: miaka 30 na zaidi. Analalamika: kugongwa kifuani.

"Baba Neema, lini hasa inagonga?"

Nikasema asubuhi, na mlimani.

"Asubuhi ikiwa na mzigo?"

Bila mzigo. Asubuhi hata ikisimama tu uani.

"Ikipata joto?"

Inaacha.

"Na mlimani inakuwa na joto au baridi?"

Moto kabisa, maana imeshatoka Ilula.

"Ukiikanyagia mafuta hapa uani ikiwa ya moto?"

Haigongi. Ukiachia mafuta pale mlimani? Inaacha papo hapo. Aliandika yote kwa mwandiko wa kizahanati ambao hata mimi sikuweza kuusoma, akapiga mstari katikati ya ukurasa. "Haya ni magonjwa mawili," akasema. "Moja linaponywa na joto, jingine halijali joto, linataka uzito. Ninyi mnatafuta dawa moja." Kisha akauliza kama chai bado ipo.

Nilimwita yule kijana wa tapeti, kwa sababu ya zile desimali. Nilimtaka afike alfajiri, kabla injini haijaguswa. Alikuja amejifunga shuka, tukawasha: tiki tiki tiki, mara hii mbele ya fundi aliye macho. Akalowesha tambara, akanipa nizibe nalo mdomo wa ekzosi kwa sekunde chache tu. Mlio ukapanda, ukaambatana na mfyonzo mkali kutoka ubavuni mwa injini. Moshi uliozuiliwa nyuma ulikuwa unatafuta mlango mwingine mbele. Akamulika tochi: kwenye manifodi, karibu na silinda ya mwisho, palikuwa na alama nyeusi ya masizi, na stadi mojawapo ilikuwa imekatika, nati yake haipo. Injini ikiwa baridi, mwanya ule unapitisha moshi kila silinda inapopumua, na kila pumzi ni tiki moja. Chuma kikishika moto kinatanuka, kinaziba mwanya chenyewe, na ukifika gereji saa nne hakuna wa kukushuhudia.

La pili lilikuwa la kuchekesha zaidi. Tulivuta hendibreki, nikakanyaga na breki ya mguu, nikaweka gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo kidogo huku nikiongeza mafuta, ili injini ivute lakini gari lisiende. Kijana alikuwa amesimama mbele kabisa ya boneti iliyo wazi. Nikamwomba asogee pembeni, akasema ananiamini. Niliachia klachi, gari likaruka nusu hatua, naye akawa juu ya banda la kuku. Tangu hapo aliangalia akiwa pembeni.

"Rudia, mwalimu. Taratibu, lakini."

Nikarudia. Injini nzima ikainuka upande mmoja, ikaegemea, na palepale: tiki tiki tiki tiki. Tulipozima alinionyesha. Mpira unaoibeba injini, ile mauntingi ya upande mmoja, ulikuwa umepasuka vipande viwili vilivyobaki kugusana kwa mazoea. Injini ikivuta kwa nguvu, inanyanyuka. Feni imefungwa kwenye injini, lakini kava la feni limefungwa kwenye rejeta, na rejeta haiendi popote. Ncha za feni zilikuwa zinakwangua kava hilo la plastiki nyeusi kila zinapozunguka. Ukutani mwa kava, kwa ndani, kulikuwa na upinde mweupe uliochongwa vizuri, laini, mtu angedhani umetoka kiwandani. Tapeti, konrodi, cheni na petroli hazikuwa na hatia yoyote.

Mpira ule ulikuwa umelowa oili, na oili ndiyo inayoozesha mipira ya namna hiyo. Tukaufuata mchirizi kwa tochi kwenda juu, ubavuni mwa injini, hadi kwenye kava la tapeti, pale silikoni ilipokuwa imechungulia nje. Kijana aliiangalia silikoni. Akaniangalia mimi.

"Gasketi za siku hizi," akasema.

Stadi, gasketi mbili na mauntingi, pamoja na ufundi, havikufikia nusu ya bei ya kushusha injini. Nilipopita Ipogolo nilimweleza yule fundi wa malori, naye hakuyumba. "Si nilikwambia tushushe? Tungeshusha tungeiona hiyo mauntingi." Na ni kweli, huwezi kushusha injini bila kuifungua mauntingi.

Cheche ikarudishwa mahali pake, pikapu ikapata nguvu, na mlima ukapandika kimya kiasi kwamba akina mama walilazimika kunong'ona habari za kamati ya harusi. Dalali akaja mbio. Alikuwa na mteja kutoka Makambako, fedha mkononi, anayetaka pikapu ya kazi. Mteja alifika asubuhi, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, akazunguka gari mara mbili, akaomba liwashwe. Akasimama kando ya boneti akisubiri. Injini ilinguruma, wala haikuwa na kingine cha kusema. Uso wake ukaanza kuingia mashaka. Akachomoa kijiti cha oili, akapaka tone kwenye kidole gumba, akalisugua kwa kidole cha shahada, akalinusa, akalisugua tena.

"Gari la umri huu halinyamazi hivi," akasema. "Mmelimiminia nini?"

Dalali akaapa. Mimi nikaleta daftari la zahanati, jambo ambalo halikusaidia hata kidogo. Mteja alirudisha kijiti, akatuaga kwa heshima, akaondoka na basi la saa nne.

"Baba Neema," mke wangu akasema kutoka mlangoni, "tungemwachia hata ule wa asubuhi."