Acha Nipulize, Nipite Zangu

Mimi sinywi pombe. Nalisema mapema ili asitokee msomaji akadhani safu hii imelipiwa na mwenye baa. Kinywaji changu kikali kuliko vyote ni soda ya tangawizi, nayo nainywa nikishakula, taratibu, kama mtu mzima. Kwa hiyo kama kuna dereva katika mji huu asiyepaswa kulalamikia kupimwa ulevi, ndiye mimi. Na mimi ndiye nalalamika.

Tuelewane kwanza. Sina ugomvi na kipimo. Kipima ulevi ni kidude cha heshima: unapuliza, kinatoa namba, basi. Namba haina shemeji, haijui umesoma wapi wala gari umelikopa kwa nani. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Ni 80 ileile waliyojiwekea Waingereza mwaka 1967, waziri wao wa uchukuzi akiwa Barbara Castle, mama ambaye mwenyewe hakuwa dereva. Wanywaji wa kule walimrukia kweli kweli: mtu asiyejua hata kushika usukani atatuambia nini? Mama hakutikisika. Na walevi wanaua watu barabarani, hilo halina mjadala. Kila Desemba tunaona kwenye taarifa ya habari madereva wa mabasi ya mikoani wakipulizishwa asubuhi na mapema kabla ya kutoka kituoni, na mimi mwenye ndugu wa kusafiri hushukuru.

Ugomvi wangu ni na pua.

Usiku mmoja natoka Kariakoo kwenda Posta kumchukua binti yangu kazini. Mbele naona tochi inapepea, mavazi meupe, koni mbili za plastiki. Nikaegesha. Kijana akainama dirishani, mwenye adabu zake zote.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, afande. Poleni na kazi."

"Asante. Mzee, mbona macho mekundu?"

Macho mekundu! Nimeshinda Kariakoo tangu asubuhi: vumbi la Mtaa wa Kongo, moshi wa bodaboda, mkaa wa mishikaki. Mtu akishinda pale akatoka na macho meupe, huyo ndiye wa kushukiwa. Nikamwambia niko tayari kupuliza. Tena nikamuuliza kama mrija ni mpya, maana tangu korona mimi na mirija ya watu tumeachana.

"Kipimo kipo kwa wenzetu kule mbele, mzee. Wewe toa pumzi tu."

"Nikutolee wewe?"

"Ndiyo, mzee. Hapa hapa."

Nikatoa. Sasa, mishikaki niliyokula jioni ile haikuwa imebaniwa kitunguu swaumu hata kidogo. Kijana akarudi hatua mbili nyuma, akapangusa uso, halafu, kwa uvumilivu ambao serikali haimlipi, akarudi tena dirishani. Tochi yake ikaingia ndani ya gari, ikatembea kwenye dashibodi, ikashuka kwenye kiti cha abiria, ikasimama. Palikuwa na chupa ya kioo, ya rangi ya kahawia.

"Na hii je?"

"Tangawizi."

"Ya rangi hiyo?"

"Ndiyo rangi ya chupa yake, afande. Mangi ameishika hela yangu mpaka nimrudishie."

Akaichukua. Akainusa. Akamwita mwenzake, naye akainusa, akaigeuza, akaichungulia tundu kwa jicho moja kama anatafuta mtu aliyejificha ndani. Watumishi wawili wa Jamhuri, waliokula kiapo, wamesimama katikati ya jiji wakinusiana chupa tupu ya soda. Hata yule Askari wa sanamu pale Samora, aliyesimama na bunduki yake tangu mwaka 1927, hajawahi kunitaka pumzi.

Mngedhani mambo yameishia hapo. Sijalewa, chupa haijalewa, kwa heri afande. Wapi! Hapo ndipo ukaguzi ulipoanza. Pembetatu zipo? Zipo. Mtungi wa kuzimia moto? Huu hapa. Bima? Leseni? Mkanda? Akazunguka nyuma, akakaa huko kidogo, akarudi na uso wa mtu aliyeokota: taa ya namba ya nyuma haiwaki. Shilingi 30,000.

Na hapa naomba mniangalie usoni. Kipimo cha ulevi, ambacho ndicho kilichotuweka pale wote, hakikuwepo. Lakini mashine ya faini ilikuwepo, imejaa chaji, ina mtandao, ina karatasi, na ikatema risiti yenye namba ya malipo kabla sijamaliza kusema "lakini afande". Mashine ile sijawahi kusikia iko kwa wenzao kule mbele.

Nilipolipeleka jambo hili kijiweni, mzee mmoja muuza vipuri wa Gerezani alikuwa ananingojea. Huyu alinunua Katiba ya mwaka 1977 kwenye meza ya muuza vitabu vya mitumba kando ya barabara, na tangu siku ile kahawa yetu hainyweki kwa amani. Akalamba kidole, akafungua ibara ya 17, uhuru wa mtu kwenda atakako. Akarudi ya 16, faragha. Akarudi tena ya 13, kwamba mshitakiwa asihesabiwe mkosaji mpaka ithibitike. Nikavimba kichwa, nikajiona kabisa nimesimama Kisutu na tai nadai haki zangu. Halafu muuza kahawa, ambaye hajasoma Katiba ila amemwaga kahawa nyingi mbele ya walioisoma, akasema, "Mzee, fungua na ya 30." Ya 30 ndiyo inayosema haki zote hizo zina mipaka kwa ajili ya usalama wa wengine. Mzee wa vipuri akaifunga Katiba, akaomba kashata.

Si sisi tu tunaovutana. Kenya walileta kipimo chao, Alcoblow, mwishoni mwa 2013, na Nairobi yote ikajifunza kulala mapema. Watu wakaenda mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikasema kanuni ya kipimo ilikuwa imeipita sheria mama: sheria inamtia hatiani dereva aliyeshindwa kulimudu gari, kanuni ikaja na namba zake. Wakenya walishangilia kana kwamba Harambee Stars wamechukua kombe. Mimi naona walishangilia kitu ambacho ningekililia. Namba ikiondoka, anabaki nani? Pua.

Lakini kilichoniumiza hasa ni cha Marekani. Huko kesi ya vizuizi vya kupima ulevi ilitoka jimbo la Michigan ikafika Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1990, na majaji sita kwa watatu wakaviruhusu. Katika kizuizi kilichohusika na kesi hiyo yalipita magari 126, wakakamatwa madereva wawili, na kila gari lilisimama kwa wastani wa sekunde 25. Sekunde ishirini na tano! Na watu wakaona wamedhulumiwa, wakashitaki, kesi ikapanda mahakama zote! Baadaye mahakama ya juu ya jimbo lao ikavipiga marufuku kwa katiba ya jimbo. Mimi sekunde 25 hazijatosha hata kujibu shikamoo na kuuliza za nyumbani. Nipeni sekunde 25 za Michigan, nitasimama kila usiku kwa hiari yangu, nitapuliza hata wimbo wa taifa.

Halafu niwaulize, mlevi mwenyewe yuko wapi muda wote huu? Mlevi hapiti pale. Mlevi ana marafiki. Anayetoka upande ule anamwashia taa mara mbili anayekwenda, na kundi lao la simu limeshatangaza tangu saa mbili kwamba "wazee wako kazini" mahali fulani. Kwa hiyo yule mwenye chupa sita tumboni anakata kona kule nyuma, anapita vichochoro, anafika kwake salama au anafika ukutani mwa watu. Anayekwenda moja kwa moja kwenye tochi ni sisi tusio na habari, tusio na kundi, tunaokwenda kuchukua watoto kazini. Na bodaboda, ambaye amepita hapo hapo upande usio wake, bila kofia, na abiria wawili wakibishana nani ashike mzigo, huyo hata tochi haimpepei.

Basi nikatoa hoja kijiweni, na naitoa hapa pia ili wakubwa waione. Kipimo kiwepo kwanza, ndipo koni ziwekwe. Nikipuliza nikatoka na sifuri, nisiulizwe habari ya taa ya namba. Hiyo ina siku yake na ukaguzi wake. Na ile mashine inayojua kuchapa faini ichape na sifuri yangu: jina, namba ya gari, saa, hana kitu, apite. Maana kwa sasa nikikosea napewa karatasi, nikiwa safi sipewi chochote, nikifika kizuizi cha pili naanza upya na kitunguu swaumu changu.

Nilidhani nimesema la maana. Mzee wa vipuri akatikisa kichwa kwa huruma.

"Karatasi hizo," akasema, "wakizianzisha Jumatatu, Jumatano utazikuta Mtaa wa Kongo, tatu kwa elfu mbili, zina na muhuri. Na watakaozigombania ni haohao wa chupa sita. Wewe utaambiwa yako ni feki."