Utepe, Mkoba na Mlango

Huduma ya afya Zanzibar hupanda ngazi: vituo vya afya vya mitaa na shamba, hospitali za wilaya, ya mkoa, kisha Hospitali ya Mnazi Mmoja. Chini ya ngazi yote hiyo yupo mhudumu wa afya ya jamii wa kujitolea, anayepiga hodi nyumba kwa nyumba. Mbele ya jumba la Dispensari ya zamani, Mizingani, ngazi hiyo ilibishaniwa na watatu: Utepe wa uzinduzi, Mkoba wa mhudumu na Mlango wa nakshi.

Utepe alianza kwa hesabu. "Hospitali 10 za wilaya, na ya mkoa Lumumba, kwa fedha za UVIKO-19! Nimekatwa hadi mkasi umenichoka."

"Pole kwa majeraha," alisema Mkoba. "Ulipokwisha kukatwa, uliuliza nani analala zamu?"

"Hilo halina picha."

"Mimi nami nina utepe humu. Haukatwi. Huzungushwa mkono wa mtoto. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali."

Utepe akageuza maneno. "Uingereza tangu 1948 mtu huandikishwa kwa daktari wa mtaani kwake. Nasi tutaleta daktari wa familia."

"Anayeijua familia yupo. Mpango wa Jamii ni Afya umemkabidhi simu yenye programu, afuate wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5, wilaya zote 11. Kisha mwamwita wa kujitolea! Saruji haikujitolea. Rangi haikujitolea. Hata wewe, Utepe, ulinunuliwa dukani. Ajitolee binadamu peke yake? Aibu!"

Mlango akakohoa vumbi. "Wanangu, jumba hili mfanyabiashara Tharia Topan alilikusudia liwe hospitali. Jiwe la msingi liliwekwa 1887, kwa jubilei ya Malkia Victoria. Topan akafa 1891, jumba likaisha 1894, na wagonjwa bado wakangoja. Liliitwa dispensari baadaye, lilipouzwa na mnunuzi akaleta tiba. Leo wageni wanapiga picha nakshi zangu, na ndani hamna hata panadoli. Nyumba njema si mlango. Nasema mimi, Mlango."

Utepe alinywea. "Basi, Bibi, mshahara wa mhudumu huzinduliwaje?"

"Hauzinduliwi," Mkoba alidakia. "Unalipwa."